Kompresa Imeungua Tena? Tafuta Kwanza Kilichoingia Ndani ya Mabomba

Kwenye viwanda vya samaki vya Mwanza na Kisumu, kwenye mashamba ya maua ya Naivasha, kwenye vyumba vya baridi vya Dar es Salaam, fundi wa majokofu huitwa kwa maneno yale yale: kompresa imekufa, njoo uweke nyingine. Mpya inafungwa, gesi inajazwa, chumba kinashika baridi, bili inalipwa. Miezi michache baadaye hiyo mpya nayo inakufa, na lawama zinaangukia walioitengeneza, au umeme, au "kompresa za siku hizi".

Mara nyingi kompresa, yaani pampu inayozungusha gesi, haikuwa mgonjwa wa kwanza. Ndani ya mfumo wa kupoza panatakiwa kuwa na vitu viwili tu, yaani gesi na mafuta yanayopatana nayo. Kingine chochote ni uchafu: maji, hewa, masizi ya kulehemu, tindikali, unga wa chuma, gesi ngeni, mafuta ya aina nyingine. Na sehemu kubwa ya uchafu huo huingizwa na mkono wa mtu, ama siku ya kufunga mtambo ama siku ya kuutengeneza. Ndiyo maana hapa tunaanzia kwenye dalili na kurudi nyuma hadi kwenye mlango ulioachwa wazi. Ukibadilisha kompresa bila kuujua mlango huo, umeiweka mpya kwenye uchafu uleule ulioua ya zamani.

## Soma kwanza, fungua baadaye

Mtambo unaozunguka, hata kama unazunguka vibaya, unaeleza mengi kuliko uliokwisha kufunguliwa. Kabla hujashika spana, andika presha ya kunyonya na ya kusukuma, joto la bomba la kunyonya karibu na kompresa, joto la bomba la kusukuma sentimita 15 hivi kutoka kwenye kompresa, joto la bomba la kimiminika kabla ya draya (chujio linalokausha gesi) na baada yake, joto la hewa au maji yanayoingia kwenye kondensa (koili inayotoa joto nje), na ampea za kila fezi. Kisha angalia kioo cha kutazamia kilicho kwenye bomba la kimiminika. Kuna mapovu? Kidoa cha katikati kina rangi gani? Kwenye vioo vingi kijani ni kukavu na manjano ni unyevu, ila soma maelezo yaliyo pembeni mwa kioo maana rangi hutofautiana kwa mtengenezaji. Kidoa hicho hakibadiliki papo hapo. Upe mtambo saa kadhaa za kuzunguka ndipo ukiamini.

Mafundi wa nyanda za juu wana jambo lao la ziada. Geji ya kawaida hupima tofauti kati ya presha iliyo ndani ya bomba na presha ya hewa ya pale ulipo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni takribani bar 0.83, wakati Mombasa ni 1.01. Kwa gesi ileile na joto lilelile, geji ya Nairobi itasoma juu zaidi kwa karibu bar 0.18, yaani psi 2 hadi 3. Ukitumia jedwali lililochapwa kwa usawa wa bahari, ongeza kiasi hicho kabla hujatangaza kwamba kuna hewa ndani.

## Chumba kinapoza, kinaacha, kisha kinapoza tena

Hii ni dalili ya maji, na ukishaijua huisahau. Mtambo unawaka asubuhi na kufanya kazi vizuri. Baada ya muda presha ya kunyonya inaanza kushuka, evapareta (koili inayopoza chumba) inakosa gesi, barafu juu ya koili inabaki karibu na valvu tu, na mwishowe swichi ya presha ya chini inazima kompresa. Mtu anaiacha ipumzike, au anamwagia valvu maji ya moto, na kila kitu kinarudi kama kawaida. Saa moja baadaye hadithi inajirudia.

Kinachotokea ni hiki: matone ya maji yanasafiri na gesi hadi kwenye tundu la valvu ya upanuzi, mahali ambapo joto huporomoka ghafla chini ya sifuri. Yanaganda pale pale na kuziba njia. Joto likipanda, barafu inayeyuka na njia inafunguka. Namna ya kuthibitisha ni kupasha valvu moto kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, kamwe si kwa moto wa gesi. Presha ya kunyonya ikiruka juu ghafla, ni barafu. Isiposogea, ni uchafu mgumu au valvu yenyewe imekufa; uchafu huo nitaufikia.

Ila kuna mtego hapa. Chilla ya kiyoyozi (mtambo unaopoza maji ya jengo), ambayo gesi yake huchemka kwenye nyuzi 3 au 4 juu ya sifuri, haitaonyesha dalili hii hata kidogo, kwa sababu maji hayagandi. Maji yapo, valvu haizibi, na kazi ya kuharibu inaendelea kimyakimya. Mafuta ya POE (polyol ester) yanayotumiwa na gesi za R-134a, R-404A na nyingine za kundi hilo yametengenezwa kwa kuunganisha tindikali na alkoholi. Maji pamoja na joto huyarudisha yalikotoka, na tindikali inazaliwa ndani ya kompresa. Tindikali hiyo hula shaba ya mabomba na kuibandika upya kwenye beringi na mabamba ya valvu za kompresa. Ukifungua kompresa iliyokufa ukakuta beringi imepata rangi ya shaba, hilo ni jibu la maji, wala si la umeme.

Kuna wanaotia methanoli ndani ya mfumo ili barafu isigande. Kwa kweli inaondoa kuganda. Lakini maji yanabaki, methanoli inasaidia kuzalisha tindikali na kula alumini, na mwenye mali anadhani amepona. Usifanye hivyo.

Maji yaliingia wapi? Orodha ya washukiwa ni fupi. Kopo la POE lililoachwa wazi, bomba lililolazwa sakafuni bila vifuniko, draya iliyotolewa kwenye mfuko asubuhi na kufungwa jioni, uvujaji upande wa presha ya chini kwenye mtambo unaofanya kazi chini ya presha ya hewa, au vakyumu (kunyonya hewa na unyevu nje kwa pampu) ya dakika 20 tu. POE hunywa unyevu wa hewani kwa kasi, na hewa ya Tanga au Lamu wakati wa masika ina unyevu wa kutosha kuiharibu ndani ya muda mfupi. Nunua makopo madogo ya chuma. Kopo likishafunguliwa litumie siku hiyo. Kilichobaki si akiba. Na usikubali mafuta hayo kwenye chupa ya plastiki, kwa kuwa plastiki hupitisha unyevu taratibu hata ikiwa imefungwa.

## Vakyumu iliyo vakyumu kweli

Hapa ndipo palipo na kazi kubwa, na ndipo panapokatwa pembe zaidi.

Geji ya mshale ya kwenye manifoldi (seti ya geji na mipira) haiwezi kukuambia kama maji yametoka. Alama moja ya inchi kwenye uso wake ni sawa na maikroni 25,400 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita ya zebaki), na unachotafuta ni kushuka chini ya maikroni 500. Fundi wa Nairobi anayesubiri mshale ufike inchi 30 atasubiri milele, kwa sababu hewa yote ya Nairobi haifiki inchi 25. Akiona 24 anadhani pampu yake ni mbovu. Nunua geji ya maikroni. Kati ya vifaa vyote vya fundi, hicho ndicho kinachorudisha pesa yake haraka kuliko vyote, na siioni sababu ya mtu kufunga mtambo wa kiwandani bila kuwa nacho.

Iweke mbali na pampu, ikiwezekana upande wa pili wa mfumo, kwani karibu na pampu hali huonekana nzuri kuliko ilivyo. Ondoa sindano za valvu za huduma kwa kifaa chake maalumu, tumia mipira mifupi na minene. Mpira mwembamba wa manifoldi unabana pampu kubwa hadi ifanye kazi ya pampu ndogo. Badilisha mafuta ya pampu kabla ya kazi. Yakiwa na rangi ya maziwa, yamejaa maji na hayawezi tena kufika chini.

Ukifika chini ya 500, funga valvu ya pampu na uangalie. Namba ikipanda kidogo na kutulia, sema chini ya 1,000, uko vizuri. Ikipanda ikasimama juu zaidi, kwenye 2,000 kwa mfano, bado kuna maji yanayochemka ndani. Ikipanda bila kusimama, kuna tundu. Hayo ni majibu matatu tofauti na kila moja lina kazi yake, kwa hiyo usiyachanganye kwa kuwasha pampu tena na kwenda kunywa chai.

Mfumo ukiwa na maji mengi, pampu kubwa inaweza kuyagandisha humo ndani, kwa sababu kwenye maikroni 4,600 hivi maji huganda. Dawa yake ni kuvunja vakyumu kwa naitrojeni kavu, kuiacha izunguke na kupasha mabomba joto, kisha kuvuta tena. Mara tatu ndiyo desturi nzuri. Kompresa ipashwe kwa hita yake ya mafuta wakati wote huo.

Mambo mawili ya hatari: usiwashe kompresa ikiwa kwenye vakyumu kali, wala usipime koili zake kwa mega (kipima insulesheni) wakati huo, kwa sababu umeme huruka kirahisi ndani ya hewa iliyopungua na kuunguza mota. Na kompresa kuukuu ya friji haigeuki kuwa pampu ya vakyumu kwa kuifunga mpira. Haifiki kiwango.

Ieleweke pia kwamba vakyumu haiwezi kukausha POE iliyokwisha kunywa maji. Hayo mafuta hutolewa na kuwekwa mengine.

## Presha ya juu imepanda na kondensa ni safi

Umeosha kondensa, feni zote zinazunguka, maji ya mnara wa kupozea yana baridi ya kawaida, lakini presha ya kusukuma iko juu, ampea ziko juu, na bomba la kusukuma linaunguza. Wengi husema gesi imezidi na kuanza kuipunguza. Kabla ya hapo, pima kama kuna hewa.

Zima kompresa, acha feni au pampu ya maji ya kondensa iendelee hadi kondensa ifikie joto la hewa au maji yanayoingia. Hakikisha valvu ya bomba la kimiminika imefungwa ili gesi isihame. Kisha linganisha geji na jedwali. Kwenye nyuzi 30, R-134a safi itasoma karibu bar 6.7 kwenye usawa wa bahari, R-22 karibu bar 10.9, na amonia karibu bar 10.7. Ukiona R-134a inasoma 8 kwenye nyuzi hizo 30, ile bar moja na zaidi si ya gesi. Ni hewa, au naitrojeni iliyoachwa baada ya kupima uvujaji. Hewa haigandamizwi ikawa kimiminika, kwa hiyo inakaa kwenye kondensa na kula nafasi ya gesi.

Jihadhari na R-407C na gesi nyingine za mchanganyiko ambazo hazichemki kwa joto moja bali joto hupanda zinavyochemka: jedwali lake lina safu mbili, na kwenye kipimo hiki hutumika ile ya kimiminika.

Kwenye mtambo mdogo wa gesi ya kawaida, njia safi ni kunyonya gesi yote kwenye silinda ya kurejeshea, kuvuta vakyumu na kujaza mpya. Kufungua valvu ya juu na kuachia hadi presha ishuke kunatupa gesi hewani na kubakiza sehemu ya hewa ndani, na kwa gesi ya mchanganyiko kunavuruga uwiano wake. Halafu tafuta mlango: mipira ambayo haikutolewa hewa kabla ya kujaza, au tundu upande wa kunyonya. Hilo la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu hewa ya pwani haiingii peke yake; inakuja na maji yake.

Joto la bomba la kusukuma lisivuke nyuzi 107 pale kwenye sentimita 15 kutoka kompresa. Ukilipima hapo 107, ndani ya silinda ni zaidi sana, na mafuta yanaanza kuvunjika kuwa kaboni na tope.

## Draya ina baridi upande wa kutokea

Weka kiganja, au tuseme kipimajoto, upande wa kuingilia wa draya na upande wa kutokea. Tofauti ya nyuzi 1 hadi 2 na zaidi ina maana imeziba na gesi imeanza kuchemka ndani yake. Ikitoa jasho au barafu, usiulize tena. Mapovu kwenye kioo kilicho baada ya draya huja pamoja na hali hii, na ndiyo maana mtu aliye na haraka huongeza gesi badala ya kubadilisha draya.

Ukishaikata, ichunguze. Ukikuta magamba meusi membamba, hayo ni masizi ya shaba kutokana na kulehemu bila naitrojeni. Shaba ikipata moto wa kulehemu huku ndani kuna hewa, oksijeni huungana nayo na kuacha ngozi nyeusi. Kata kona ya bomba iliyolehemiwa hivyo, ipasue kwa urefu na upitishe kidole: kidole kinatoka cheusi, na magamba yanadondoka mezani. Ile iliyolehemiwa huku naitrojeni ikipita ni ya rangi ya shaba tupu hadi ndani ya kiungo. Zamani, kwenye R-12 na mafuta ya madini, magamba mengi yaliweza kukaa pale pale kwa miaka. POE husafisha mno. Huyabandua na kuyapeleka kwenye chujio la valvu ya upanuzi na kwenye beringi.

Naitrojeni inayohitajika ni kidogo sana, lita chache kwa dakika, upepo unaouhisi kwa shida kwenye shavu ukiwa mbele ya mdomo wa bomba. Lazima upande wa pili uwe wazi. Presha ikijaa ndani itatoboa fito iliyoyeyuka kabla haijashika. Tumia rigaleta (kipunguza presha), kwa kuwa silinda iliyojaa huwa na presha ya bar 150 hadi 200. Endelea kuipitisha hadi kiungo kipoe.

Na kamwe, kwa sababu yoyote ile, usitumie oksijeni kusukuma uchafu wala kupima uvujaji. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta hulipuka. Mafundi wamekufa hivyo, na silinda za oksijeni hukaa karakana moja na za naitrojeni. Soma maandishi kwenye silinda, usitegemee rangi pekee.

Magamba si peke yake. Msumeno wa chuma huacha unga wa shaba ndani ya bomba, basi tumia kikata bomba cha gurudumu, na unapopalia kingo elekeza mdomo wa bomba chini ili vipande vidondoke nje. Dawa ya unga ya kulehemia inayopakwa hadi ndani ya kiungo nayo huishia kwenye draya. Shaba kwa shaba hazihitaji dawa hiyo ukitumia fito zenye fosforasi.

Unapotoa draya kuukuu, ikate. Ukiiondoa kwa moto, joto linafukuza unyevu wote ilioukusanya na kuurudisha kwenye mabomba. Mpya ifunguliwe mwisho kabisa, dakika chache kabla ya kuvuta vakyumu. Kila mfumo ukifunguliwa, draya ibadilishwe. Gharama yake ukiilinganisha na kompresa haifai hata kujadiliwa.

## Mafuta meusi yenye harufu kali

Hapa kompresa imekwisha kuungua. Vaa glavu na miwani kabla hujafungua chochote, fungua madirisha, maana mafuta ya kompresa iliyoungua yanaweza kuwa na tindikali inayochoma ngozi vibaya.

Chukua sampuli ya mafuta na uipime kwa kifaa cha kupimia tindikali. Huuzwa madukani, na rangi ikibadilika jibu unalo. Mafuta maangavu yasiyo na tindikali yanamaanisha kuungua kulibaki ndani ya koili, na draya mpya ya kimiminika pamoja na vakyumu ya uhakika vitatosha. Mafuta meusi, masizi kwenye bomba la kunyonya, harufu kali: uchafu umezunguka mfumo mzima.

Rejesha gesi kwenye silinda iliyoandikwa kwamba ina gesi chafu, usiitumie kwenye mtambo mwingine. Futa mafuta mahali pote yanapokaa: kitenganisha mafuta, tangi la akiba la bomba la kunyonya, mikunjo ya chini ya bomba. Safisha chujio la valvu ya upanuzi. Sukuma mabomba kwa naitrojeni na kisafishio kilichokusudiwa kazi hiyo, kipande kwa kipande, bila kupitisha kwenye kompresa, valvu au draya. Petroli na thina hazihusiki; hubaki ndani na kuharibu mafuta mapya.

Funga kompresa mpya, draya kubwa zaidi kwenye kimiminika, na draya ya kuondoa tindikali kwenye bomba la kunyonya. Washa. Pima tofauti ya presha kati ya pande mbili za draya ya kunyonya siku hiyohiyo, kisha kesho yake. Baada ya siku moja au mbili pima tindikali kwenye mafuta. Bado ipo? Badilisha draya na mafuta, rudia. Ikishaisha, toa ile draya ya kunyonya. Ikiachwa hapo miezi mingi inabana, inapunguza presha ya kunyonya, inapandisha joto la kompresa, na kuanza safari ileile upya.

Wakati huohuo tafuta kilichochoma koili kwanza. Pima volti za fezi tatu mtambo ukiwa unafanya kazi, angalia nyuso za kontakta kama zimeungua, kagua kinga ya kukosa fezi moja. Umeme mbovu huua kompresa kweli, sikatai. Ila mwenye kiwanda anapokuambia ni umeme na mafuta yanasoma tindikali, anza na mafuta.

## Presha hazilingani na jedwali lolote

Ulipima hewa, ukavuta vakyumu, ukajaza upya, na bado namba hazieleweki. Sasa shuku gesi yenyewe. R-22 inaondolewa sokoni kwenye nchi zinazoendelea kuelekea 2030, na Marekebisho ya Kigali ya 2016 yanabana zile zilizofuata. Bidhaa ikiadimika, bandia hujitokeza, na silinda inaweza kuandikwa R-134a huku ndani kuna kitu kingine.

Mwaka 2011 jambo hili liliua. Makontena ya baridi yaliyokuwa yamefanyiwa huduma Vietnam yalilipuka, na wafanyakazi watatu wakafa, Vietnam na Brazili. Uchunguzi uligundua gesi bandia yenye R-40, yaani methili kloridi. R-40 hushambulia alumini na kutengeneza kitu kinachowaka chenyewe kikigusa hewa. Kwa wanaohudumia makontena Mombasa na Dar es Salaam, hili linahusu uhai wao.

Tatizo ni kwamba R-40 ina presha iliyo karibu na ya R-134a, kwa hiyo geji peke yake haiwezi kuikamata. Kinachosaidia ni taa ya halaidi: R-134a haina klorini, basi mwali wake haugeuki kijani. Ukigeuka kijani kwenye silinda iliyoandikwa R-134a, funga na uiweke kando. Kipimo hicho hufanywa nje, kwa gesi kidogo sana, na mtu asivute moshi wake. Kifaa cha kielektroniki cha kutambua gesi ni bora zaidi. Ukishuku R-40 ndani ya kontena, usiifungue wala kuirejesha gesi hiyo mwenyewe. Itengwe na mwenye kampuni aarifiwe.

## Mitambo ya amonia

Amonia ina tabia zake. Kwenye usawa wa bahari huchemka kwa nyuzi -33, na Mwanza, kwenye mita 1,100 na ushee, karibu -36. Chumba cha kugandisha kinachotaka gesi ya -40 kinafanya kazi chini ya presha ya hewa, kwa hiyo kila sili ya shafti na kila valvu inayovuja hainusishi amonia nje; inanyonya hewa na unyevu ndani. Pua yako haitakusaidia. Dalili ni presha ya juu inayopanda wiki hadi wiki na kifaa cha kutoa hewa kinachofanya kazi bila kupumzika. Kitengenezwe kikiharibika, na hewa itolewe kwenye resiva (tangi la amonia ya kimiminika) na mwisho wa kondensa, ambako hewa hujikusanya kwa kuwa ni nzito kuliko mvuke wa amonia. Oksijeni iliyomo pia huweza kuleta nyufa ndogo kwenye chuma cha matangi.

Maji kwenye amonia hayagandi kwenye valvu. Yanayeyuka ndani yake na kubaki upande wa baridi, kwa sababu amonia inachemka na kuyaacha nyuma. Unachokiona ni chumba kilekile kuhitaji presha ya kunyonya ya chini kuliko mwaka jana, na umeme unaopanda. Kipimo chake ni kuchukua sampuli ya kimiminika na kuiacha ichemke yote. Kinachobaki ni maji na mafuta. Hiyo ni kazi ya watu wawili waliovaa barakoa ya amonia, wala si ya mmoja.

Mafuta nayo ni mazito kuliko amonia ya kimiminika, hivyo hutuama chini ya evapareta na matangi, na sehemu ya chini ya koili ikikosa barafu ndiyo ishara yake. Kuyatoa ndiyo kazi inayojeruhi watu wengi. Chungu cha mafuta kitengwe kwanza na kiachwe kipate joto, na valvu ya kutolea iwe ya springi inayojifunga ukiiachia mkono. Usiiegemeze jiwe ibaki wazi, na usiondoke pale hata kama umeitwa. Amonia ya 300 ppm (sehemu kwa milioni) tu hewani inahesabiwa kuwa hatari kwa maisha.

Na shaba au braso isiingie kwenye mtambo huo, hata kwa kiungo kidogo cha geji.

## Chilla ambayo mafuta yake yamekuwa kama maziwa

Mafuta meupe ya mawingu kwenye chilla inayopozwa kwa maji, draya zinazoziba moja baada ya nyingine, kidoa cha manjano kisichorudi kijani: mrija umetoboka na maji yameingia upande wa gesi. Zima mara moja, funga maji ya pande zote mbili na uyatoe, kwa sababu kila saa inayopita inaongeza kutu. Fungua vifuniko vya ncha, weka naitrojeni upande wa gesi na utafute mapovu kwenye kila mrija. Mrija uliotoboka huzibwa pande mbili, lakini uliza pia kwa nini umetoboka. Kama ni kwenye evapareta, swichi ya mtiririko wa maji na ya kuzuia kuganda vilitakiwa kuzima mtambo na havikuzima. Baada ya hapo kuna siku za kukausha kwa naitrojeni yenye joto na vakyumu, na mwenye jengo aelezwe mapema kwamba hakuna njia ya mkato.